Taitili, Baraza na Mpangaji wa Uani: Maswali Yenu ya Nyumba za Zamani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Jinja, na sababu yake naijua. Tangu Julai 2020 tulipofanywa jiji pamoja na Arua, Gulu, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal, madalali hawalali. Nyumba za Wahindi za Main Street, Iganga Road na Lubas Road, ambazo watu walikuwa wanazipita bila kuziangalia, sasa kila moja ina mtu anayesema anaiuza. Mimi ni mtoto wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja. Baba alikuwa kiwandani Nytil, kiwanda cha nguo, nasi tulikua tukizungumza Kiswahili na watoto wa kila kabila. Baadaye nilifanya kazi ya ukarani kwa mawakili na wapima ardhi hapahapa Jinja mpaka nikastaafu, na leo naishi katika nyumba ya aina hiyohiyo: duka mbele, vyumba nyuma, ua katikati. Nitawajibu kwa niliyoyaona kwenye mafaili na ninayoyaona uani. Ukifika wakati wa kutia saini, tafuta wakili wako.

Mama, salamu nyingi. Mimi na mke wangu ni walimu, tunakaa Bugembe. Tumepata nyumba ya zamani barabara ya nyuma ya Main Street, maduka mawili mbele na vyumba vitano uani. Anayeuza si mwenyewe. Anasema mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyeko Leicester, Uingereza, naye amepewa karatasi ya kuuza kwa niaba yake. Ametuonyesha fotokopi ya taitili, yaani hati ya ardhi, na mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa, ameipiga muhuri barua yake. Anataka milioni 60 za kwanza wiki hii, la sivyo anampa mtu mwingine. Tufanyeje?
*Mwalimu, Bugembe*

Mwalimu, wiki hii usitoe hata shilingi moja. Nyumba hiyo imekaa pale tangu kabla babu zetu hawajaona lami, na itakuwa pale mwezi ujao. Mtu anayekunyima muda wa kwenda ofisi ya ardhi ana jambo asilotaka ulione huko.

Anza kwa kuelewa nyumba hizi zimepitia wapi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke, akawapa siku 90. Waliacha maduka, viwanda na nyumba, na mali hizo zikawekwa chini ya bodi ambayo mpaka leo tunaiita Kastodiani. Zikagawiwa watu: askari, maofisa, wafanyabiashara, wengine kwa barua tu. Zimeuzwa, zimepangishwa, zimebadilisha mikono mara nyingi. Kisha ikaja sheria ya 1982 ya mali zilizonyang'anywa, ikafuta mauzo na uhamisho wote uliofanyika juu ya mali zile, na kuweka utaratibu wa wenyewe kuzidai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi walirudi kuzichukua, au walituma watu wazichukue kwa niaba yao.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa huyo muuzaji, kabla ya bei, ni hili: nyumba hii ilipita njia gani? Je, mwenyewe alirudishiwa kwa cheti cha Waziri wa Fedha? Au iliuzwa na Serikali, na kama iliuzwa, karatasi ya mauzo iko wapi? Au hakuna aliyewahi kuidai na bado iko mikononi mwa Kastodiani? Kuna na njia ya nne, mbaya kuliko zote: mwenyewe alilipwa fidia zamani, halafu akatokea mtu na karatasi akaidai upya kana kwamba haikulipwa. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyoifanya kamati ndogo ya Bunge ichunguze mali za Kastodiani mwaka 2019. Usije ukanunua nyumba ambayo faili lake liko kwenye mkoba wa mchunguzi.

Fotokopi aliyokupa ina faida moja tu, nayo ni namba. Chukua namba ya ploti, voliyumu na folio (daftari na ukurasa ilikosajiliwa), uende ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi hapa Jinja ukaombe upekuzi rasmi. Ada yake ni ndogo. Watakupa jina la aliyesajiliwa, kama kuna mkopo wa benki juu ya nyumba, kama kuna kaveti, yaani zuio la anayeidai, na tarehe. Usiridhike na karatasi ya kompyuta. Mtume wakili aombe kulisoma faili lenyewe, kwa sababu historia iko kwenye barua za ndani: nani alilalamika mwaka gani, nani alijibiwa nini. Nimeona mafaili ambayo ukurasa wa kwanza ulikuwa safi kabisa, lakini katikati kulikuwa na barua ya mjane anayelia.

Sasa angalia tarehe hizo vizuri, kwa sababu hapa wengi hupita haraka. Sehemu kubwa ya ploti za mjini kwetu ni za lizi. Hununui ardhi milele, unanunua miaka iliyobaki. Lizi ya miaka 99 iliyoanza 1930 inaisha 2029. Hesabu mwenyewe. Bodi ya ardhi ya wilaya inaweza kuongeza muda, na raia wa Uganda anaruhusiwa na Sheria ya Ardhi ya 1998 kuomba lizi yake ya ardhi ya umma igeuzwe kuwa umiliki kamili, lakini ni kuomba, na aliyeomba anaweza kukataliwa au kucheleweshwa. Nyumba yenye miaka minne iliyobaki haiwezi kuwa na bei sawa na nyumba yenye miaka arobaini, hata kama kuta ni zilezile. Muuzaji atakuambia kuongeza muda ni jambo dogo. Mwambie basi aongeze yeye kwanza, ndipo mzungumze bei.

Nimebakiza huyo mzee wa Leicester. Karatasi ya kuuza kwa niaba ya mtu ni halali ikiwa imeitaja ploti hiyo, imetaja wazi ruhusa ya kuuza, imeshuhudiwa kisheria huko ilikotiwa saini, na imesajiliwa kwenye hati. Lakini ina jambo moja ambalo wanunuzi hawaulizi: mwenyewe akifa, karatasi inakufa naye siku hiyohiyo. Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1972 leo amepita miaka 80. Kama amefariki, wanaoweza kuuza ni wale waliopewa barua za usimamizi wa mirathi na mahakama, si huyo kijana mwenye karatasi. Ombeni kuongea na mzee kwa video, na wakili wenu awepo. Msimuulize habari za bei. Muulizeni jiko la mama yake lilikuwa upande gani wa ua, duka la jirani lilikuwa la nani, alisoma shule gani. Aliyezaliwa katika nyumba hataisahau, na nimewahi kumsikia mzee wa namna hiyo akieleza mlango hadi mlango, machozi yakimtoka, nyumba ambayo hakuikanyaga tangu ujana.

Muhuri wa LC1 usiudharau, ila uujue kazi yake. Mwenyekiti anajua nani analala pale na nani anagombana na nani. Hana daftari la hati. Nenda kwake peke yako, bila muuzaji, uulize tena.

Mkifika kulipa, malipo yaende benki kwa jina lililosajiliwa, kupitia mawakili, wala si fedha taslimu mkononi mwa wakala. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani atakayoiweka mthamini wa Serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakukusaidii, na siku ya kesi kutakuumiza. Andikeni majina yenu wote wawili, wewe na mke wako.

Na umeniambia kuna vyumba vitano uani. Hujaniambia ni akina nani wanaokaa humo. Soma barua inayofuata.

Mama, mimi nimepanga chumba uani Iganga Road tangu 1994, nauza mukene (dagaa) sokoni. Nyumba imeuzwa. Mwenye nyumba mpya hatujamwona, ametuma kijana atuambie tutoke kabla ya mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita wakang'oa mlango wa choo ili tuchoke. Mimi nimelea watoto wangu hapa. Nina haki gani?
*Mama wa Iganga Road*

Dada yangu, pole. Tangu 2022 tuna sheria ya mwenye nyumba na mpangaji, na inasema wazi: hakuna kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Nyumba kuuzwa hakubadilishi hilo. Aliyenunua amenunua pamoja na ninyi mliomo, na kama muuzaji alimdanganya kwamba ni tupu, hiyo ni kesi yao wawili. Kung'oa mlango wa choo ni kumtoa mtu kwa nguvu bila hakimu, na ndivyo utakavyoeleza.

Leo hii, kabla hujaenda popote, kusanya ushahidi wako. Risiti za kodi hata kama ni za karatasi ya daftari, ujumbe wa simu wa malipo, tokeni za umeme wa Yaka, kadi za kliniki za watoto zenye anwani hiyo. Piga picha choo kisicho na mlango. Mwombe LC1 barua ya tangu lini unakaa. Kodi endelea kuilipa kwa wakati, na ikikataliwa, andika tarehe na jina la aliyekataa mbele ya shahidi, kwa sababu kitu cha kwanza watakachokisema mahakamani ni kwamba hulipi. Kisha nendeni mkiwa pamoja, wapangaji wote wa ua, kwa LC, na asipowasikia, mahakama ya hakimu. Wanasheria wa msaada wa bure wapo; ulizeni mahakamani.

Sitakudanganya upande wa pili. Miaka yote hiyo haijakufanya mwenye nyumba. Unalipa kodi kila mwezi, wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba akifuata taratibu, akatoa notisi ya kisheria na sababu, anaweza kukutoa. Wapo watakaokuja kukuambia ulipe hela wakuandikie kuwa una kibanja pale. Usiwape. Kibanja ni jambo jingine, nitalieleza chini. Haki yako ni kutotupwa nje, kupewa muda, na kodi isipandishwe ovyo: sheria imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka.

Nanyi mnaonunua, nisikilizeni. Tulipohamia hapa, mimi na marehemu mume wangu, tulimkuta mzee fundi wa redio kwenye duka la mbele. Watu walitushauri tumtoe kwanza ndipo tukarabati. Tukamwandikia mkataba. Mvua za Aprili zilipokuja na ua ukajaa maji, ni yeye aliyetuonyesha pale ulipopita mfereji wa zamani chini ya sakafu, umezibwa na mtu aliyeweka zege bila kuuliza. Mchoro wa nyumba haukuwa popote, ulikuwa kichwani mwake. Alikaa akilipa kodi yake mpaka mwenyewe alipoamua kurudi kwao Kamuli. Mwalimu wa Bugembe, hao wa vyumba vitano wanajua mengi kuhusu nyumba unayoitaka kuliko dalali wako. Kaa nao chini kabla hujalipa, na makubaliano yenu yaandikwe.

Mimi ni Mkenya wa Busia. Je, kwa kuwa sote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, naweza kununua nyumba Jinja kwa jina langu? Mke wangu ni Mganda.
*Msomaji wa mpakani*

Unaweza kupata lizi, isiyozidi miaka 99. Mailo, ile ardhi ya Buganda nitakayoieleza chini, na umiliki kamili ni kwa raia wa Uganda peke yao, na Itifaki ya Soko la Pamoja imeacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi. Lizi ya miaka mitano au zaidi lazima uisajili. Ukinunua kwa jina la mke wako, basi ni nyumba ya mke wako, kwa moyo na kwa karatasi. Kama hilo linakukosesha usingizi, chukua lizi kwa jina lako.

Shikamoo Mama. Baba alituachia nyumba Old Kampala, karibu na msikiti wa Gaddafi. Kuta zina unyevu na plasta inapukutika kama unga. Fundi anasema atoe plasta yote, apige simiti, abandike vigae hadi kiunoni, na paa la vigae vyekundu aling'oe aweke mabati ya rangi. Bei yake imenitisha. Kuna njia nyingine?
*Binti wa Old Kampala*

Marahaba mwanangu. Njia ipo, na ni nafuu, lakini inataka subira ambayo fundi wako hana.

Ukuta wako umejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa na chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu kutoka chini, kisha huutoa nje kupitia plasta ya chokaa, na mchana jua na upepo huukausha. Ulifanya kazi hiyo miaka mingi kabla hujazaliwa. Ukiuziba kwa simiti, maji hayana pa kutokea. Yanapanda. Mwaka wa kwanza utaona ukuta mzuri, mwaka wa pili unyevu unajitokeza juu ya vigae, na nyuma ya simiti tofali lenyewe linaanza kuoza. Nimeona ukuta wa Main Street ambao simiti ilibaki imesimama na tofali nyuma yake limekuwa vumbi.

Kwa hiyo kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Zunguka nyumba mvua inaponyesha, si wakati wa jua. Angalia gata: zimetoboka, zimejaa majani, zinamwaga ukutani? Angalia ardhi ya nje. Nyumba hizi ziliinuliwa juu ya barabara, lakini kila mtu aliyetengeneza ua ameongeza tabaka la zege, na leo utakuta ua uko juu ya sakafu ya ndani. Hapo hakuna plasta itakayokusaidia. Chimba, ushushe ua, uelekeze maji mbali na ukuta. Kisha tazama vile vidirisha vidogo vya hewa karibu na dari. Nina hakika vimezibwa kwa ajili ya mbu. Vizibue, uweke wavu wa waya.

Baada ya hapo toa plasta iliyolegea tu, na uuache ukuta ukauke msimu wote wa kiangazi, Desemba hadi Februari. Ndipo upige plasta ya chokaa: sehemu moja ya chokaa, tatu za mchanga msafi. Chokaa tunayo nchini, wanaichoma Muhokya kule Kasese. Iloweke mapema, na fundi avae glavu na miwani, maana inaunguza ngozi na jicho. Ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikilowanishwa isikauke haraka. Rangi iwe ya chokaa pia. Rangi ya mafuta ni simiti nyingine.

Mafundi vijana watakuambia chokaa ni mambo ya kizamani. Tafuta mzee aliyefanya kazi kwenye makanisa au misikiti ya zamani, Namirembe au Kibuli, hata kama mikono yake imechoka. Aje akae kwenye kiti aelekeze kijana. Ujuzi huu unaondoka na wazee wetu, na kila anayempa mmoja wao kazi anatuhifadhia kitu sote.

Paa usiling'oe. Vigae vile vya udongo havipigi kelele mvua ikinyesha, na mchana ndani hakuwi tanuri. Mara nyingi kinachoharibika si kigae bali mbao iliyoko chini. Mpeleke mtu juu achome kila mbao kwa bisibisi. Ikizama, mchwa wameshakula. Mbao ya mvule huwa wanaiacha, kwa hiyo milango na fremu za zamani usizitoe hata kama zimekwaruzwa. Vigae vilivyovunjika utapata vya kubadilisha mahali nyumba nyingine inapobomolewa, kwa masikitiko yangu.

Pesa ulizookoa ziweke kwenye nyaya. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira hukauka na kupasuka ndani ya ukuta, na hapo usibanie: toa zote, weka mpya, mtu mwenye leseni. Na kama vyumba vya nyuma vina paa la karatasi za kijivu zenye mawimbi, ngumu na nzito, huenda ni asibesto. Zisikatwe kwa msumeno, zisitobolewe, vumbi lake lisifagiliwe. Kabla hujazigusa pata ushauri KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala.

Naonyeshwa nyumba ya zamani Mengo, nzuri sana, bei rahisi. Muuzaji ana mkataba wa mauzo lakini hana taitili, anasema "ni kibanja, kila mtu Mengo ni hivyo."
*Mnunuzi*

Si kila mtu. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulizaa mailo, yaani ardhi yenye mwenyewe aliyesajiliwa. Walioketi juu ya ardhi hiyo walilindwa na sheria ya busuulu (kodi ya ardhi) na envujjo (sehemu ya mazao) ya 1928, na leo wanalindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Kwa hiyo juu ya ploti moja kuna watu wawili wenye haki, mwenye taitili na mwenye kibanja, na wewe unauziwa haki ya huyu wa pili tu. Ndiyo sababu ya bei hiyo.

Kununua kibanja si kosa. Kosa ni kununua bila mwenye ardhi kujua. Sheria inamtaka anayeuza kibanja amtangulizie mwenye ardhi nafasi ya kununua, na uhamisho unahitaji idhini yake. Mwambie muuzaji maneno mawili: nionyeshe risiti za busuulu, na nipeleke kwa anayezipokea. Ikiwa ni ardhi ya Kabaka, mtaishia ofisi za Buganda Land Board, nao watakueleza kama wanamtambua. Uliza pia familia yake ilifika lini. Aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya Oktoba 1995 bila kupingwa ana ulinzi wa sheria kama mkazi. Aliyeingia juzi kwa mkataba wa mtu asiyejulikana ana karatasi tu. Na mke wake au mume wake aje atie saini. Nyumba ambayo familia inakaa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mauzo yaliyofanywa kwa siri mahakama huyafuta.

Mama, babu ametuachia nyumba Main Street, ile yenye mwaka ulioandikwa juu kwa simiti. Ndugu zangu wanataka tubomoe tujenge ghorofa nne za maduka. Mimi moyo wangu unasita. Mji unakua, sitaki kuwa kikwazo. Unanishauri nini?
*Mjukuu*

Mjukuu wangu, kusita kwako nakuheshimu, na si kikwazo.

Karatasi kwanza. Kama hamjachukua barua za usimamizi wa mirathi, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kubomoa hata choo. Mkishazipata, kubomoa na kujenga kunahitaji kibali cha kamati ya mipango ya jiji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2010, na kibali cha ujenzi chini ya sheria ya 2013. Tena tangu 2023 tuna sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Ulizeni Idara ya Makumbusho kama nyumba yenu imo katika orodha yao. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limekuwa likiorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, na huenda la babu yenu wanalijua kuliko ninyi.

Sasa nikuambie ninachokiamini. Tembea Main Street mvua ikinyesha. Baraza la duka hili linashikana na baraza la duka lile, na mama mwenye mtoto mgongoni anatoka mwisho mmoja wa mtaa akafika mbali bila kulowa. Hakuna serikali iliyojenga hilo. Walijenga wenye maduka, kila mmoja sehemu yake, kwa kuwa alimfikiria anayepita. Ukitoa nyumba moja katikati na kusimamisha kioo hadi ukingoni mwa barabara, mama yule analowa hapo. Jirani anaona, naye anabomoa. Hao wanaokuja kutoka Kampala na nchi za mbali kuangalia chanzo cha Nile hulala usiku mmoja zaidi kwa sababu ya mtaa huu, na fedha zao zinaingia kwenye hoteli, kwa waendesha boda, hata kwa anayekaanga chapati. Ghorofa nne za vioo wanazo kwao.

Lakini ndugu zako nao wana hoja. Wanataka kipato, na nyumba ya babu ikikaa tupu itaanguka yenyewe. Nyumba hizi huwa na ua mrefu nyuma, mara nyingi unafika karibu na njia ya uchochoro, na hapo ndipo mnapoweza kujenga. Sehemu ya mbele ibaki: baraza, milango ya mvule, ule mwaka juu. Ikarabatiwe, maduka yapangishwe. Nyuma jengeni ghorofa mbili za vyumba vya kupangisha, mkiacha nafasi ya ua ili hewa na mwanga vipite pande zote mbili. Mtajenga kwa awamu, kodi ya maduka ikilipia matofali, bila kukopa benki fedha zote za ghorofa nne kwa mkupuo.

Ukakutane na ofisa mipango wa jiji mapema, kabla ndugu zako hawajamlipa mchoraji wa ghorofa. Nenda na namba ya ploti na tarehe ya lizi kuisha, kwa sababu kama miaka imebaki michache, kuomba nyongeza ndiyo kazi ya kwanza. Ua upime kwa futi, urefu na upana, na uandike na choo cha zamani kiko wapi. Niletee vipimo hivyo pamoja na jibu la ofisa, nikuunganishe na mpima ardhi ninayemwamini, na mzungumze na ndugu zako mkiwa na mchoro mezani.